Kesi ya mwenzangu imetupwa, je na mimi niache tu?

Shikamoo mjomba,

Naomba usiandike jina langu. Mimi nafanya, au niseme nilikuwa nafanya, stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji, miaka minne na miezi kadhaa, kazi yangu kupokea mzigo, kuhesabu, kusaini na kuingiza kwenye mfumo. Mwaka juzi kuna kaka mmoja wa pale pale stoo alifukuzwa akaenda kushtaki, na sisi wote tulijua kaonewa manake alifukuzwa wiki mbili tu baada ya kulalamika kwamba ovataimu hailipwi. Mwezi uliopita uamuzi ukatoka, kesi imetupwa. Meneja akaja nao kwenye mkutano wa asubuhi, akaushika juu kama refa na kadi nyekundu, akasema "haya, mwingine nani anataka kwenda kushtaki?" Watu kimya. Mmoja akacheka, kile kicheko cha woga.

Sasa mjomba yangu ndo hii. Siku chache baada ya mkutano ule nikaulizwa kuhusu mzigo uliopungua katoni 38. Mzigo wenyewe uliingia shifti ya usiku, mimi niko nyumbani nimelala, ila daftari lina sahihi yangu kwa sababu asubuhi supavaiza alinipa akasema "saini tu tufunge". Sikuitwa kikao, sikupewa barua ya tuhuma, nilipigiwa simu Ijumaa jioni naambiwa Jumatatu usije. Barua imekuja siku 9 baadae kwa WhatsApp, picha tu, na cha ajabu tarehe iliyoandikwa ni ya siku 6 KABLA ya hiyo simu. Nikamuuliza mtu wa HR, akasema andika rufaa ya ndani halafu tulia, "usikimbilie kesi utaharibu, sisi tunalishughulikia". Nimeandika, nimetulia. Leo ni siku ya 19 tangu ile simu na hakuna jibu.

Kwenye simu nina picha za kurasa za daftari, na pia kabla sijafungiwa mfumo nilijitumia mafaili kadhaa kwa imeili yangu. Mume wangu anasema niachane nayo, kama yule kaka aliyekuwa na wakili kashindwa mimi ntatokea wapi. Wenzangu nao wanasema kampuni huwa haishindwi. Moyo wangu unakataa ila naogopa kupoteza hela na muda halafu niishie kuaibika. Kesi ya mwenzako ikitupwa ndo manake na yako haina kitu?

Mpwa wako wa stoo

---

Marahaba mpwa wangu.

Hapana, haina maana hiyo. Ila barua yako nimeisoma mara tatu na kitu kilichonikosesha raha si kesi ya yule kaka, ni hiyo siku ya 19, kwa hiyo tuanzie hapo, ya kaka tutarudi.

Hukuniambia uko nchi gani na hilo lingekuwa swali langu la kwanza kama ungekuwa umekaa hapa mbele yangu. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Afrika Kusini nako kwenye tume yao, CCMA, kuachishwa ni siku 30. Kenya sheria ya ajira ya 2007 inakupa miaka 3. Marekani ukidai ubaguzi unaanzia kwenye tume inaitwa EEOC, siku 180, au 300 kama jimbo lako lina chombo chake cha kupokea malalamiko hayo, na wakishakupa barua ya ruhusa ya kushtaki una siku 90 za kufika mahakamani. Kwa hiyo mpwa inawezekana umebakiza siku 11, inawezekana umebakiza karibu miaka mitatu, na mtu asiyejua yuko kwenye ipi ajihesabie ile fupi.

Halafu angalia ile tarehe ya barua. Imeandikwa siku 6 kabla ya simu. Mtu akija kuhesabu kutoka pale wewe leo si siku ya 19, ni siku ya 25. Sisemi hesabu hiyo itakubalika, huwezi kuambiwa umefukuzwa siku ambayo hujui kama umefukuzwa, lakini kwanini uende kubishana juu ya hilo wakati unaweza kuwahi tu? Hesabu kutoka tarehe mbaya kuliko zote. Na kwa taarifa yako hiyo tarehe inaweza kuwageukia wenyewe, manake siku zile sita ulikuwa kazini unapokea mizigo, sahihi zako ziko kwenye hati za kupokelea, sa mtu gani anafukuzwa halafu anaachwa anasaini mizigo wiki nzima?

Sasa huyu wa HR anayekwambia tulia. Labda ni mtu mzuri, mimi simjui, ila hilo neno "subiri tunalishughulikia" nimelisikia miaka yote niliyokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi na nimeona limefukia kesi nyingi kuliko mawakili wa kampuni. Mtu anasubiri kwa adabu, anaogopa kuonekana mkorofi, rufaa ya ndani inajibiwa siku ya 45, "tunasikitika uamuzi unabaki", ndo anaanza kukimbia. Marekani kuna kesi ya mwaka 1980 ya mwalimu wa chuo kule Delaware, aliambiwa hatapewa ajira ya kudumu, akapewa mkataba wa mwisho wa mwaka mmoja, akapeleka malalamiko ya ndani, akangoja. Alipokuja kushtaki Mahakama ya Juu ikamwambia saa ya kuhesabu siku za kushtaki ilianza siku ulipoambiwa uamuzi, si siku yako ya mwisho kazini, na yale malalamiko ya ndani hayakuisimamisha. Tanzania kanuni ina unafuu kidogo, siku zinaweza kuhesabiwa kutoka pale mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho, lakini sa uamuzi wa mwisho ni upi, ndo mabishano yanapozaliwa. Rufaa yako ya ndani iache iendelee huko huko, na wewe peleka fomu ya kufungua mgogoro kwenye tume. Hakuna kinachoharibika.

Na ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ndio, fomu yake ipo, ila jua unachoingia. Kule Tanzania mahakama zimesema mara nyingi kwamba kila siku uliyochelewa lazima uieleze, hata kama ni moja. "HR aliniambia nisubiri" bila maandishi ni maneno yako dhidi ya yake, na yeye bado analipwa mshahara pale.

Haya, yule kaka.

Mmeuona uamuzi ukiwa juu mkononi mwa meneja. Kuna aliyeusoma? Najua jibu. Mpwa, kabla hamjakata tamaa kama stoo nzima, mtafuteni mwenyewe awape nakala, uende moja kwa moja kurasa mbili za mwisho, utafute ni neno gani limeandikwa na kwa sababu ipi. Manake kesi huwa hazifi kifo kimoja. Kuna ile inayokufa kwenye pingamizi la awali, yani wakili wa kampuni anasimama siku ya kwanza anasema huyu kachelewa, au kaja mlango usio wake, au kamshtaki mtu siye, na hakimu anakubali, na hapo hakuna mtu aliyeuliza kabisa kama ovataimu ililipwa au haikulipwa. Kuna ile inayosikilizwa mpaka mwisho, mashahidi wakaja, akaambiwa hukuthibitisha. Halafu kuna ile isiyotupwa hasa bali imeondolewa tu kwa kasoro, na hiyo ukirekebisha unaweza kurudi nayo kama muda bado upo. Kwenye mkutano wa asubuhi zote hizi zinaitwa "kashindwa".

Mfano wa kuchelewa ambao mimi nikiukumbuka mpaka leo damu inachemka ni wa mama mmoja Mmarekani, Lilly Ledbetter, alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Alabama, miaka 19. Karibu na kustaafu akakuta kikaratasi kisicho na jina, mtu kamwandikia mishahara ya wanaume wanaofanya kazi ile ile. Mwisho wa 1997 yeye alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi na mwanaume wa chini kabisa kati yao dola 4,286. Wa chini kabisa! Baraza la wazee wa mahakama likamsikiliza likampa haki, akashinda. Rufaa zikaenda mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2007, majaji watano dhidi ya wanne wakasema ulitakiwa kulalamika ndani ya siku 180 tangu kila uamuzi wa mshahara ulipofanyika. Uamuzi ambao ulikuwa siri! Sa angelalamikia vipi kitu asichokijua? Bunge lao likabadilisha sheria Januari 2009 na ikapewa jina lake, lakini yeye hela yake hakuipata. Kwa hiyo mtu akikwambia kesi ya fulani ilitupwa kwa hiyo fulani alikuwa muongo, mtajie huyo mama.

Sasa nikuulize jambo ambalo hutolipenda. Umeandika "sisi wote tulijua kaonewa". Kuna aliyekwenda kutoa ushahidi? Maana hapo kwenye "sote tulijua" ndo kesi nyingi za kuonewa zinapokauka. Alilalamika ovataimu kwa mdomo au kwa maandishi? Kama ni kwa mdomo, mlalamikiwa anasema mimi sikusikia malalamiko yoyote, nilimfukuza kwa utendaji, na barua mbili za onyo hizi hapa. Wiki mbili kati ya kulalamika na kufukuzwa ni dalili nzuri, hakimu anaweza kuitazama, ila dalili peke yake ikikutana na faili nene la kampuni huwa inachoka mapema. Sikulaumu wewe wala wenzako, mtu ana watoto, nani anataka kusimama kizimbani Jumanne halafu Jumatano arudi kwa bosi yule yule. Nakwambia tu ili kesi yako usiijenge juu ya watu watakaokuja, ijenge juu ya vitu ambavyo tayari unavyo.

Na unavyo. Kwanza ile simu ya Ijumaa. Unajua utetezi ambao kampuni inaupenda kuliko wote? "Hatukumfukuza, alitoroka kazini." Ukikaa nyumbani kwa sababu umeambiwa usije, kwenye rejista yao wewe ni mtoro wa siku tatu mfululizo. Kenya kwa mfano mfanyakazi ndo anatakiwa kuonyesha kwanza kwamba kuachishwa kulitokea na hakukuwa halali, halafu mwajiri ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha sababu zake, kwa hiyo ukishindwa hatua ya kwanza ile ya pili haifiki. Nenda kwenye orodha ya simu zilizoingia piga skrinishoti sasa hivi, simu nyingine hufuta zenyewe zikijaa. Ile picha ya barua usiifute kwenye WhatsApp na usibadilishe simu kabla hujahifadhi mazungumzo yote, yawe na namba na tarehe zake, usinakili maneno tu ukayabandika kwingine.

Pili ratiba ya shifti. Sahihi yako kwenye daftari la usiku usiikane, tafadhali sana, watu wenye haki kabisa wamewahi kuzama kwa uongo mmoja mdogo wa kujiokoa. Sema ndiyo hii ni yangu, nilisaini asubuhi baada ya kuambiwa na supavaiza, na ratiba inaonyesha usiku ule sikuwepo. Kama kuna rejista ya kuingia au mashine ya kidole, itaje kwenye maelezo yako ili waombwe waitoe.

Tatu ni hiyo habari ya kutoitwa kikao. Tanzania mwajiri anatakiwa awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki, kimoja bila kingine hakitoshi. Kenya anatakiwa akueleze tuhuma kwa lugha unayoielewa, mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama akiwepo, na akusikilize kabla ya kuamua. Ila uwe makini na video za mitandaoni, nyingi ni za Marekani na kule karibu kote mwajiri wa binafsi anaweza kukuachisha bila sababu yoyote mradi isiwe sababu iliyokatazwa na sheria kama rangi, jinsia au dini, mtu anajaza akili kwa video tano halafu anafika mezani anadai mamilioni kwa ajili ya "kudhalilishwa". Bosi kuwa na mdomo mchafu peke yake mara nyingi si kosa la kisheria, na kesi za "ananichukia" bila kifungu cha kuzishika ni miongoni mwa zinazoanguka haraka. Hata ile ya kushika karatasi juu kama refa. Inauma, ila usiifanye ndo kesi yenyewe.

Sasa hayo mafaili uliyojitumia. Hapo ulinishtua. Picha za kurasa zenye sahihi yako ni kitu kimoja, kujitumia mafaili ya mfumo kwenye imeili yako ni kingine, inawezekana mkataba wako unakataza, na usiwape zawadi. Kule Marekani kuna mama alikopi nyaraka za siri za kampuni akazipeleka nyumbani kama kinga, akafukuzwa, akashtaki ubaguzi wa umri, kwenye kuhojiwa ikatoka kwamba alikopi. Mahakama ya Juu mwaka 1995 ikasema kesi yake haifi kwa sababu hiyo, lakini kampuni ikithibitisha kwamba kwa kosa hilo peke yake ingemfukuza, kwa kawaida hawezi kudai kurudishwa kazini na fidia ya mshahara inaishia siku walipogundua. Kwa hiyo usifute (kufuta sasa ndo kunanuka zaidi), usimtumie mtu, usiweke kwenye grupu la stoo, mwambie wakili au mtu wa chama mapema ili asije kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka upande wa pili.

Vingine haraka haraka. Angalia mkataba na slipu ya mshahara, jina la kampuni lililoandikwa hapo ndo unalojaza kwenye fomu, si lile la kwenye ubao wa getini, kuna watu wamemshtaki ubao. Kwenye fomu andika madai yote, ovataimu, likizo, notisi, manake usichokiandika mwanzoni kukichomeka baadae ni vita nyingine. Na wakikuita ghafla wakupe hundi na karatasi ya "sina madai mengine", omba kwenda nayo nyumbani. Mahakama ya Rufani ya Kenya imeshasema kama karatasi ya namna hiyo inakufunga au haikufungi inategemea mazingira ya kila kesi, na mtu aliyeisoma akasaini kwa hiari yake ana kazi ngumu ya kujitoa.

Mkwe wangu mwambie simlaumu, anaogopa hela. Mwambie hatua ya kwanza si mahakama wala wakili wa gharama. CMA mnaanza na usuluhishi, mnakaa meza moja na mtu wa tume, unaweza kwenda mwenyewe au na mtu wa chama chako, na migogoro mingine inaishia hapo hapo kwa makubaliano. Ukiona baada ya hapo uzito haupo, acha, utakuwa umeacha baada ya kupima. Na kama uko nchi nyingine uliza ofisi ya kazi swali moja tu, "mgogoro wa kuachishwa naupeleka wapi na mwisho lini", kabla ya kuwasimulia hadithi yote. Hilo la wapi usilichukulie poa. Kenya walioumia kazini wakakimbilia mahakamani badala ya kuanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini kesi zao zimekuwa zikiondolewa kwa mahakama kukosa mamlaka, mtu ana mkono uliovunjika kweli kweli na bado anarudi nyumbani bila kusikilizwa.

Leo usiku, kabla ya kulala, mtumie HR meseji hii kwenye namba ile ile aliyokutumia barua: "Habari. Kama mlivyonipigia Ijumaa tarehe fulani saa fulani mkaniambia nisije kazini kuanzia Jumatatu, na kama nilivyopokea barua yenu tarehe fulani kwa WhatsApp, naomba kujua rufaa yangu ya ndani niliyoituma tarehe fulani itajibiwa lini." Basi. Usiongeze neno la hasira, usimtaje meneja, usimtaje yule kaka. Zile alama mbili zikitokea piga skrinishoti yenye saa, halafu asubuhi uende na fomu.